Masega na Chetezo

Fundi magari wa mtaa wa Mtanda haamini bomba kwa macho. Huligonga kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, kisha huvuta sigara, akapuliza moshi upande mmoja na kuungoja upande wa pili. Tangu biashara ilipofunguliwa na malori yaliyotumika Japani yakamiminika Lindi, hivyo ndivyo anavyochagua masega, lile bomba la vitobo vidogo vya kuchuja moshi. Siku hiyo ilikuwa Ramadhani. Masega ya lori la Stephano, mchukuzi wa korosho, yalikuwa yameziba, lori halipandi kilima, na korosho zake zinanyeshewa huko Kiranjeranje.

"Mimi sijafunga, acha nipulize," Stephano akasema.

"Si mchana huu, si hapa kwangu," fundi akamjibu kwa sauti ya chini, akaingia ndani, akatoka na chetezo cha mkewe kinachofuka udi. Mabomba ya kubadilishia lile lililoziba yalikuwa mawili: la kutu, alilokuja nalo Stephano kutoka Dar, na la kung'aa, la fundi mwenyewe, alilolifunga kwenye kanga kuukuu miezi miwili akingoja mnunuzi. Moshi ulipita kwenye la kutu bila shida. Kwenye la kung'aa uligoma, ukamrudia usoni. Alijaribu tena, na tena. Stephano alikuwa amegeuka akikaza turubai, hakuona kitu.

"Langu bovu," fundi akasema, akalitupa kwenye vyuma chakavu, akatandika mkeka chini ya lori. "Nipe spana namba kumi na nne."