Siku za Kibandani Juu ya Bunda

Mwaka ule maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena, mimi na mume wangu tulifanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tangu tuoane: tulipanga starehe. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga nani aende foleni ya sukari na nani abaki kungojea sabuni, basi. Sasa vitenge vilining'inia milangoni mwa maduka, mablanketi ya mitumba yalimwagwa sokoni, na jioni moja mume wangu akarudi nyumbani Buhare na habari kwamba rafiki yake, bwana miti wa Bunda, ana kibanda cha mbao msituni, juu mlimani, na wakati wa likizo hakuna anayekitumia.

"Kina nini?" nikauliza.

"Hakina kitu. Vitanda viwili vya kamba, mafiga na baridi."

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Hatuendi kufanya kitu. Ndiyo likizo yenyewe."

Mimi mwalimu sikujua kukaa bure, lakini neno lile lilinilevya. Kila jioni tukawa tunabishana barazani: tubebe unga wa muhogo au wa mahindi, chemli au tochi, kuku akiwa hai au amekaangwa. Mume wangu alitaka jogoo mzima, atuamshe kwanza kabla ya kuliwa. Nilicheka mpaka jirani akachungulia.

Jirani huyo ndiye aliyeeneza habari. Tulikuwa na miaka kadhaa ya ndoa bila mtoto, na mtu na mkewe wasio na mtoto wakienda kulala msituni na jogoo, majirani hawahitaji maelezo. Jumapili, mama mmoja kiongozi wa kanisani alinishika mkono nje ya mlango.

"Mwanangu, mganga hana kitu. Mungu ana wakati wake."

"Mama, tunaenda kupumzika."

"Na jogoo?"

"Wa kula."

Akanitazama kwa huruma, akaahidi kutuombea.

Mume wangu alicheka sana nilipomsimulia. Mimi iliniuma. Nikasema tuahirishe. Akaniambia kwa upole, "Tukiahirisha watasema mganga ametukataa." Hapo nami nikacheka, nikaendelea kukunja mablanketi.

Siku ya safari, tukiwa tunafunga mizigo, mama mkwe wangu akaingia kutoka Bukima na kikapu cha furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikunywa maji kwanza.

"Mkamwana, huyo mganga wenu ni wa wapi?"

"Hakuna mganga, mama. Ni nyumba tu ya msituni."

"Mtu mwenye nyumba ya bati anaenda kulala msituni kwa hiari yake? Sisi tulikuwaga tunalala porini kwa sababu ya ng'ombe." Akafikiri. "Basi twende wote, nikaone."

Bwana miti alitupokea Bunda, tukapanda mlima polepole, mama akitutangulia na kututajia miti kwa lugha ya nyumbani. Tulipofika alikizunguka kibanda, akainama chini ya vitanda, akapekua majivu ya mafiga. Hakuona tunguri wala kitambaa chekundu. Akaketi juu ya gogo, akavua viatu.

"Kumbe kweli mmekuja kukaa tu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sijawahi kukaa tu."

Usiku ule alichukua kitanda kimoja, mimi kingine, na mume wangu, mwenye wazo, akalala sakafuni. Asubuhi nilimkuta mama nje, amejifunika blanketi langu jipya, ukungu ukipanda na ziwa likimeta mbali kule chini. Nikaanza kuuliza habari za uji.

"Kaa kwanza," akasema, akanisogezea nafasi.

Juu ya miti nyani walikuwa wanagombana, naye akawa ananitafsiria. "Yule ni mke mkubwa. Anamuuliza yule mdogo, jana ulilala wapi? Na yule mnene pale ni shemeji, amekuja kula, hataki kuingilia." Mume wangu akatoka kuuliza tunachekea nini. Mama akamsogezea nafasi naye.