Alama ya Ng'ombe wa Wenyewe

Waliniambia wazi kwamba sitaweza. Wanaume wa kibanda cha chai pale Kitengela waliponiona nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya ufundi wa vyuma, kisha nikaanza kununua springi kuukuu za lori nizifue visu, walicheka hadi wakapaliwa.

"Injinia, visu vya kiwandani ni bei ya soda. Vyako atanunua nani?"

Niliwajibu kwamba vyangu vitakuwa na alama, na atakayekishika kimoja atajua kimetoka mikononi mwa nani.

Walioniamini ni wawili. Msomali mwenye duka la jumla alinikopesha pesa za grinda na mkaa. Mama mmoja mjane kutoka Murang'a, mwenye ploti, aliniachia banda nilipe kodi nikishauza. Visu arobaini vya kwanza visiponunuliwa, ningefunga.

Alama niliibuni mwenyewe: nusu duara na mistari miwili chini yake. Nilipaka bapa la kila kisu rangi ya kucha, nikachora kwa sindano, kisha nikagusa kwa pamba ya maji ya chumvi iliyofungwa waya wa betri ya gari. Umeme ukala chuma pale palipochorwa tu. Hakuna fundi mwingine Kajiado aliyejua hilo.

Siku ya soko nikavipeleka Kisaju. Mzee mmoja Mmaasai alijaribu kisu kwenye nywele za mkono wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakigeuza, akaiona alama, akakirudisha juu ya gunia.

"Hii umetoa wapi, kijana?"

"Ni yangu, mzee."

"Yako? Ng'ombe wa wakwe zangu wamechomwa hii kwa paja. Niende kwao nayo kiunoni, waniulize nimewaibia lini?"

"Huyu amesoma mpaka akasahau kuuliza," mwenzake akasema. Watu wakacheka. Sikuuza hata kimoja.

Ng'ombe hao walipita kwetu kila kiangazi nikiwa mdogo. Niliichora alama yao nikidhani nimeitunga.

Grinda ingepasha chuma moto na kukilegeza, kwa hiyo nilizifuta alama zote kwa msasa na maji, kisu kimoja kimoja. Ilinichukua majuma matatu. Kucha ziliisha, mabega yakakataa kuinuka. Kisha nikaenda bomani kwa yule mzee na karatasi yenye michoro mitatu. Miwili aliikataa, akataja ng'ombe wa kina nani. Wa tatu aliutazama sana.

"Hii haina wenyewe. Chukua."

Niliichora kwenye visu vyote, naye akanunua cha kwanza. Vingine viliisha polepole, soko baada ya soko, hadi Namanga. Nasema bila aibu: hakuna kilichorudishwa.

Siku niliyowalipa wote wawili ilikuwa Jumamosi. Yule mama alikuwa akipukuchua mahindi. Alizifunga pesa kwenye leso, akanitazama.

"Umekonda, mwanangu."

Msomali alinimiminia chai. "Sasa unaweza kukopa tena."

Nilimwambia hapana. Nikakaa juu ya gunia la sukari, na kwa uchovu sikuweza kuinuka mpaka alipofunga duka.