Mama na Mlima wa Udongo

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea kartoni mezani, hapa kwa mwanangu, mtaa wa Dallas, Embu mjini. Mwalimu wao amewaambia wajenge kijiji. Alikuwa ameijaza pomoni: miti ya karatasi, ng'ombe wa plastiki, kanisa, daraja, magari manne, na mlima nyuma wenye pamba juu. Niliangalia mpaka macho yakachoka.

"Sasa hapa niangalie nini?" nikamuuliza.

"Yote, Cucu."

"Yote si kitu. Punguza."

Alinuna, na mimi sikumbembeleza. Lakini jioni hiyo yote nilikaa na harufu ya udongo wa mto puani, na hapa mjini hakuna mto karibu. Wewe umekula chumvi kama mimi, rafiki yangu, unajua vile kitu cha zamani kinakushika bila kupiga hodi.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo usinitafutie Kiswahili cha pwani. Tulikaa juu, karibu na msitu, mahali majani chai yanaanza. Mwaka wangu huo wa mwisho, mwalimu alituambia kila mtu atengeneze boma la kwao kwa udongo, juu ya kibao. Kibao kizuri kuliko vingine kingepelekwa kwa maonyesho ya shule Embu mjini, na mwenye kukitengeneza angeenda nacho kwa lori. Sikuwa nimefika Embu hata siku moja. Nilitaka kwenda mpaka nduma za asubuhi zikanishinda kumeza.

Kibao nilitoa kwa mlango mzee wa zizi. Udongo nilichimba mtoni, pale maji ni baridi hata saa saba mchana, nikaukanda pamoja na manyoya ya mbuzi ili usipasuke, nikaukausha kwa kivuli. Ukiweka juani umepoteza kazi. Mtu nilimpima kwa kidole changu cha kati. Mlango wa nyumba ukawa kidole na ukucha juu yake, mgomba vidole vitatu. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeona tu kibao cha mtoto wa jirani, na kuku wake wa udongo angeweza kummeza baba yake wa udongo.

Katikati nikamweka mama, amebeba kuni, anapanda kutoka mtoni. Mgongo nikaukunja vile ulivyokuwa ukikunjika kweli. Ukanda wa kuni niliutoa kwa uzi wa mgomba, nikaupitisha juu ya kichwa, na kwa ukucha nikamchora kale kashimo ukanda ulikuwa umemwachia hapo juu ya paji la uso.

Halafu nikaharibu. Sisi ni watu wa mlima, na kila mtoto wa huko alianza kibao chake na mlima huo, Kirinyaga. Wangu niliujenga mkubwa kuliko wa wote, ukanifika kwa goti, na unga wa mahindi juu uwe theluji. Kuku wa jirani walikula hiyo theluji mara mbili. Nikaongeza migomba, mibuni, ghala, mbuzi saba. Watoto wenzangu walikuja kutazama wakapiga mluzi. Nikajiona.

Siku mbili kabla ya mwalimu kuchagua kibao, mama alirudi kutoka shambani, akaweka jembe chini, akainama juu ya kibao. Alitafuta kwa muda.

"Na huyu mdudu hapa chini ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Alinawa miguu kwanza.

"Unataka kunipeleka Embu nikiwa nimemezwa na mlima? Watu wanionee huruma kama punda aliyeshindwa? Hiyo haitoki kwa hii boma."

Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Nililala nikijua sendi.

Asubuhi nikamnyoosha mgongo yule mama wa udongo. Nyanya alikuwa mlangoni anachambua maharagwe meusi ya njahi. Alipoona, alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Huyo amebeba kuni ama amebeba manyoya? Mama yako akitembea hivyo, mzigo utamwangusha chali!"

Alisema kweli. Nikaukunja tena. Kuni zilikuwa nzito, na singeenda mpaka Embu kudanganya watu.

Mchana nikatumwa maji. Nilivuka mto kwanza nikate majani ya mbuzi upande ule mwingine, na nilipojitwika mzigo wa majani nikageuka. Mama alikuwa akipanda kwenda nyumbani na kuni zake. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu saa nne, kama kawaida yake. Migomba ilikuwa pembeni. Kwa ile njia nyekundu hakukuwa na kingine ila yeye, na nilimwona kutoka mbali vile unaona moto kwa giza. Alikuwa ameinama sawasawa na nilivyomkunja. Lakini alikuwa amebakisha hatua chache afike mlangoni, na hakuna mtu angemwonea huruma.

Nilifika nyumbani nusu ya maji yamemwagika. Nikachukua panga nikaukata mlima wote, nikabakisha kale kakilima ka kwetu tu, ka kutoka mtoni. Mbuzi sita nikaondoa. Migomba nikaisukuma nyuma ya nyumba. Njia nikaifagia kwa unyoya mpaka ikawa nyekundu tupu. Mama nikamtoa kule chini nikamweka juu, karibu na mlango. Mgongo sikuugusa.

Alipokuja aliinama tena. Safari hii hakutafuta. Githeri ilikuwa ikitokota jikoni.

"Huyo sasa anafika," akasema, akaenda kupakua chakula.

Shuleni mwalimu alikizunguka kibao. "Na mlima uko wapi?"

"Umejifunika, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitazama nje, akaona mawingu, akaandika jina langu.

Embu nilienda. Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na daraja la shule nyingine, lililopitisha maji ya kweli chini yake. Haikuniuma. Mzee mmoja wa kutoa alama alisimama mbele ya mama muda mrefu, akasema, "Huyu mwanamke ana nguvu." Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyokwenda.

Siku hizi njia ile ina lami, na maji yanafika jikoni kwa mfereji. Wasichana wa huko hawana kashimo kichwani, na kwa hilo nashukuru Mungu. Sitakudanganya kwamba kuni zilikuwa tamu. Pale tulipochimba udongo pamekuwa shamba la mtu, na mtoto akitaka udongo ananunuliwa dukani, wa rangi. Kibao changu kilikaa stoo ya shule miaka mingi, mpaka paa likavuja na mama akarudi kuwa matope. Picha yake nyingine haikupigwa. Kwetu hakuna aliyekuwa na kamera. Waliponiambia kibao kimekwisha, niliendelea kupalilia. Nilikuwa nimemtengeneza sawa, na aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe.