Pangaboi Linalokula Kidogo

Yoakimu wa Masakta alikuwa na maksai wawili, Simba na Shukuru. Walikuwa na nguvu za kutisha: siku moja walimaliza shamba, wakaunganisha na uwanja wa kanisa, na padri akakuta mahindi yameota mlangoni. Lakini magoti ya Yoakimu yalipokataa kufuata plau, yeye na mkewe Scolastica waliwauza wakanunua boti na injini, wawe wanavusha watu na magunia Ziwa Basotu siku za mnada.

Kikabaki kitu kimoja, pangaboi la kusukuma maji. Mzee Zubery, muuza vipuri wa Katesh, aliweka mawili mezani.

"Hili limepinda sana, linakula maji mengi kila likizunguka. Boti inakimbia. Hili jingine limepinda kidogo, linakula kidogo. Halina mbio, ila linavuta mzigo. Wewe utabeba nini?"

Yoakimu hakusikia hata swali. Plau yake alizoea kuikandamiza hadi chini kabisa.

"Kwa heshima yako mzee, lakini mimi sijawahi kulima juujuu. Nipe linalokula sana!"

Akalijaribu peke yake. Boti iliruka kiasi kwamba kofia yake ilitua ng'ambo siku ya pili, imechoka.

Siku ya mnada wakapanda akina mama na magunia ya mahindi. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikanung'unika. Bata wakawapita wakiogelea, mmoja akageuka kutoa pole. Walipofika, wanunuzi walikuwa wanakunja maturubai.

"Baba Lucia," Paskalina, jirani yao, alimwambia Yoakimu akishusha gunia lake, "mnada ujao ikiwa hivi, sisi tunarudi kwa punda. Punda angalau hatoi moshi."

Wengine wakaitikia. Yoakimu akajua abiria wakiondoka, boti itabaki ya kulalia kuku, na maksai hawarudi.

Njiani Scolastica alimwuliza, "Tuliuza ng'ombe wetu kununua injini, au mgonjwa wa pumu?"

"Mama Lucia, niache."

"Sikuachi. Udongo ulipokuwa mzito, Simba na Shukuru wakasimama, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nainua plau kidogo, isile sana."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake alikuwa Katesh. Mzee Zubery hakumsimanga. Alipokea lile pangaboi, akampa lililopinda kidogo.

"Na huku kwetu juu hewa ni nyepesi," alimwambia, "injini haina nguvu zake zote. Usiilimishe kama trekta."

"Asante sana, mzee wangu. Ungeweza kunicheka."

"Nimekucheka tangu juzi. Leo nimepumzika."

Mnada uliofuata boti ilijaa mpaka Paskalina akakalia gunia lake. Injini ikaanza kuimba, haina haraka, haina moshi. Wale bata waliachwa nyuma, nasikia mpaka leo wanadai boti ilidanganya. Walifika maturubai ndiyo kwanza yanatandazwa.

Yoakimu alitafuta rangi, akaandika mbele ya boti: SIMBA NA SHUKURU, AHSANTENI.

Scolastica akaisoma mara mbili. "Na mimi niko wapi? Au sikuvuta?"

"Wewe hukuvuta, mama Lucia," alisema Yoakimu, akivua kofia yake ile iliyochoka. "Wewe ndiye uliyeinua plau."

Akachovya brashi tena, akaongeza jina la tatu, kubwa kuliko yale mawili.