Mwanamke Niliyemhesabu Mara Tano

Mwaka 2006, mjini Bungoma, nilimhesabu mwanamke mmoja mara tano kwa siku moja.

Katika karakana tano. Kila karakana niliambiwa ni mfanyakazi wa kudumu.

Na mimi Tabby, mwenye diploma na mdomo wake, sikushtuka hadi mara ya tano.

Ngoja nianze vizuri.

Nilikuwa nimepata kibarua kwenye utafiti wa uchumi. Wakubwa walitaka kujua karakana za mbao za Kitale na Bungoma zimeajiri watu wangapi, zinauza wapi, na kwa nini nyingine hukua na nyingine hudumaa. Kazi yangu ilikuwa kubeba madodoso na kuuliza.

Msimamizi wetu, Bwana Gathii, alitwambia kwamba atakayeleta data safi zaidi ndiye atakayesimamia awamu ya pili.

Nyumbani Kitale nilishatangaza kwamba cheo ni changu. Mama akawaambia wenzake kanisani, wakaniombea kabisa.

Kitale ikanipiga chenga.

Nilivaa koti la kaki, nikakumbatia faili, nikafanana na kanjo, askari wa manispaa, anayekagua leseni. Kila nilipoingia, mafundi walitorokea mlango wa nyuma. Mwenye karakana alibaki peke yake katikati ya vitanda kumi na viwili, akiapa ametengeneza vyote kwa mikono yake miwili.

Nikaandika: mfanyakazi mmoja.

Gathii alisoma fomu zangu, akauliza kama Kitale kumeingia tauni.

Kwa hivyo Bungoma nilienda na akili mpya. Koti nikaliacha. Nikawakusanya wenye karakana wa mtaa mzima, nikawapa hotuba. Tamu, bana. Nikasema utafiti huu utawafungulia milango wale wanaoajiri watu wengi.

Sikukusudia kudanganya. Niliipamba tu sentensi, maana naipenda sauti yangu.

Kesho yake Bungoma ilifurika ajira.

Mzee Wepukhulu, ambaye jana nilimkuta na fundi mmoja tena amelala, sasa alikuwa na kumi na wanne. Pembeni aliketi mwanamke wa kitambaa cha manjano kichwani, akipiga msasa mguu wa kiti.

Kwa Naim, karibu na msikiti, walikuwa kumi na sita. Kitambaa cha manjano kilikuwa kikipiga msasa mguu wa meza.

Karakana ya tatu, kitambaa cha manjano tena. Nikaandika kwenye nafasi ya maoni kwamba wanawake wa sekta ya mbao Bungoma huvaa sare.

Nisitiriwe.

Karakana ya tano nilimkuta anahema. Nikautazama msasa wake. Ulikuwa mpya, haujagusa mbao hata mara moja.

"Dada, unaitwa nani?"

"Jelimo."

"Na hapa unafanya kazi gani?"

Akachungulia kama tajiri yuko karibu.

"Nahesabiwa."

"Ati?"

"Si ulisema mwenye watu wengi atapata mkopo? Tunalipwa hamsini kila karakana, na chai. Lakini unatembea mbio, madam. Sisi tunakatiza nyuma ya kinu cha kusaga posho ndio tukutangulie."

Nilikalia stuli ambayo haijapigwa hata varnish. Mkononi nilikuwa na fomu tano nzuri kuliko za mtu yeyote kwenye timu. Cheo kilikuwa humo ndani. Maombi ya kina mama wa kanisa pia.

Nikamuuliza Jelimo kama anajua nani hasa hufanya kazi wapi.

Alijua. Alimaliza kidato cha nne, na kwa miaka miwili alikuwa amebisha kila mlango wa mtaa ule akitafuta kazi. Alijua nani ana mafundi watatu, nani huita vibarua siku ya soko pekee, nani hupeleka viti Kimilili, nani amefunga na anaona aibu kusema. Tulirudia karakana zote tano. Wafanyakazi sabini na wawili wakabaki kumi na mmoja.

Nilimpelekea Gathii fomu zote, za uongo na za kweli. Nikaanza kwa kusema wahojiwa walielewa vibaya.

"Uliwaambia nini?" akauliza.

Nikamrudia hotuba. Nilipofika kwenye ile milango itakayofunguliwa, nikasikia mwenyewe nilivyowapotosha.

Akazipekua tena fomu za kweli. Kisha akauliza, "Huyo Jelimo anapatikana wapi?"

Kwa awamu ya pili tulipewa mafunzo Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nilikaa safu ya mbele na kalamu mpya. Mlango ukafunguliwa, msimamizi wetu akaingia.

Kitambaa cha manjano kichwani.

"Tabby, karibu," akasema Jelimo. "Hotuba utuachie. Wewe uliza, halafu unyamaze."

Mama aliwaambia wa kanisani kwamba nimepata kazi, akaishia hapo.

Basi wewe unayeenda kuhesabu watu, uliza kwanza wameambiwa nini kukuhusu. Na ukigundua aliyewaambia ni wewe mwenyewe, tafuta stuli ukae.