Nguzo ya Kisiwa cha Minandi

Kibao nilikitaka mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumtupia lawama, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kisiwa chenyewe ni mwamba tu ziwani, karibu saa mbili kwa mtumbwi wa mota kutoka Kalemie ukielekea Mpala. Minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, hutaga pale kila mwaka. Kazi yangu ni kuhesabu viota. Nilikuwa nazunguka na darubini nikiwa mtumbwini, kwa kuwa jiwe limesimama wima, linateleza, na hapakuwa na pa kufunga chombo. Mara mojamoja mtu aliogelea akaparamia, akarudi na mayai manne kwenye kofia. Mimi, kwa kimbelembele changu, nikasema haivumiliki.

Nikawaandikia wakubwa barua za kuomba kibao mpaka mkono ukachoka. Ziwa lilipotulia wakaja mafundi wawili. Wakachonga ngazi upande usio na mawimbi ili wapandishe saruji, wakasimamisha hapohapo nguzo ya chuma na kibao juu yake: MARUFUKU KUPANDA. Nikapigwa picha nikiwa nimeiegemea, suruali imelowa mpaka magotini. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa, mke wangu akanicheka.

Msimu uliofuata ziwa likafungwa, ile miezi ambayo wavuvi hukatazwa kuvua ili samaki wazaane. Nikaenda kuhesabu. Mitumbwi mitatu ilikuwa imefungwa kwenye nguzo yangu. Watu walikuwa wakishuka ngazi zangu na mabeseni ya mayai vichwani. Nikamkaripia mama aliyetangulia, nikamuuliza kama hajui kusoma.

“Kusoma najua, Papa,” akanijibu taratibu. “Lakini zamani hakukuwa fasi ya kufunga mutumbwi. Hii chuma njo imetusaidia. Na ziwa mumeifunga, watoto watakula nini?”

Nikamwashiria mwenye mota turudi. Nilimkasirikia njia nzima, na tulipofika bandarini nilikuwa nimeshajikasirikia mwenyewe.

Nikaomba nguzo ikatwe. Mkuu wangu akanitazama kama mtu aliyepoteza akili. Akasema kibao ni mali ya serikali, picha yake imekwisha kupelekwa juu, na hata yeye anafikiria kuongeza cha pili. Nikaandika tena barua, safari hii za kuiondoa. Mpaka leo sijajibiwa hata moja.

Wiki iliyopita nilikwenda kuhesabu. Tulipokaribia, upepo ukaanza kusumbua, na mwenye mota, bila hata kuniuliza, akarusha kamba kwenye nguzo. Kwa mara ya kwanza nikapanda kisiwani miguu ikiwa mikavu. Nikakizunguka chote, nikitazama kila ufa. Palikuwa na maganda ya mayai na manyoya ya zamani tu. Nikarudi pale kwenye ngazi, nikafungua daftari, nikaandika sifuri, mkono mmoja ukiwa umeshika ile nguzo nisije nikateleza.