Kishuka cha Daktari

Juzi, kwenye duka la vitambaa pale Ujiji, daktari wa wodi ya wazazi alikuwa akipitisha kitambaa cheupe shavuni, akipima ulaini wake.

"Hongera, daktari! Umepata mjukuu?" mwenye duka akamuuliza.

"Hapana. Nadarizi vishuka vya wodini. Ndiyo starehe yangu ya Jumapili."

"Basi chukua cha rangi. Cheupe kwa mtoto kinachafuka upesi."

Daktari akakikunja taratibu. "Hiki hakitachafuka, kaka. Ni cha wale wanaozaliwa wakiwa wameshafariki. Mama anayekuja kujifungua habebi sanda."

Mwenye duka akamsukumia jora zima bila kupima.

Tumezoea misaada inayokabidhiwa mbele ya kamera. Huu, hata anayepewa hatauona.